Kuvua kwa mshipi ukiwa nchi kavu, bandarini Mombasa

Ndugu uliyeuliza, umesema mko marafiki wanne, hamna mashua, na mnafikiria kwenda kuvua pembezoni mwa bandari ya Mombasa Jumamosi saa sita mchana kwa sababu ndipo mnapotoka kazini. Umeuliza pia mnunue fimbo ya kuvulia ya aina gani. Nimevua kwa mshipi kando ya maji hayo kwa miaka mingi, na ningependa nianze na hiyo saa sita, kwa maana siku nyingi za uvuvi huharibikia hapo kabla ndoana haijalowa.

Aliye chomboni humfuata samaki alipo. Aliye nchi kavu huyangoja maji yamletee. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hufika ukomo wa kujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kabisa mnamo saa nne. Tofauti baina ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3, kwa hiyo mkondo huwa na nguvu kiasi cha kulikokota chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, mpaka likajichomeke kwenye mwamba. Siku za maji mafu nazo, mwezi unapokuwa nusu, mkondo hulegea mno na samaki hawatembei sana. Mimi huchagua siku za katikati, kama siku ya tatu au ya nne baada ya bamvua. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, tazameni mwezi wa Jumamosi hiyo: ikiwa saa sita mchana maji yatakuwa yanaelekea kukauka, ombeni ruhusa kazini au ngojeni wiki nyingine.

Nitaeleza siku moja ya kaskazi iliyopita, kwa sababu ilitufundisha karibu kila kitu ulichouliza. Tulikuwa wanne kama ninyi, mwezi ukiwa na siku nne tangu kuwa mpevu, na tulifika kwenye mawe ya upande wa Bandari ya Kale, si mbali na Fort Jesus, saa kumi na moja alfajiri. Nilichagua upande huo kwa sababu una kinga na vyombo vinavyopita hapo ni majahazi na mashua ndogo. Upande wa Mama Ngina, kusini mwa kisiwa, nao una samaki, lakini kusi linapovuma mawe yake hupigwa na mawimbi, na hata bahari ikiwa shwari meli za makasha zinazoingia bandari kuu ya Kilindini huacha wimbi linalofika kwenye mawe meli yenyewe ikiwa imekwisha kupita na wewe umekwisha kuisahau. Gatini kwenyewe msijaribu. Tangu Julai 2004 bandari za kimataifa zinafuata kanuni za usalama zinazozuia mtu asiye na kazi humo kuingia ndani ya uzio. Pia ulizeni kibali kwa maofisa wa uvuvi au kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo cha hapo mtakapokaa. Ni heshima kwa wavuvi wanaoishi kwa maji hayo.

Kuhusu fimbo, sisi hatukuwa nayo hata moja. Kila mtu alikuwa na mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, wenye matawi mawili mafupi ya ndoana ndogo namba 10, na mwishoni plagi kuukuu ya pikipiki badala ya chubwi la risasi. Plagi hiyo ifungeni kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, ili ikinasa mwambani uzi ukatike na ndoana zirudi. Kabla ya kurusha, kila mmoja atazame nyuma yake, na msisimame karibu kuliko hatua kumi, kwani ndoana inayozungushwa hewani haimjui rafiki.

Chambo chetu kilikuwa kamba wabichi na vipande vya ngisi. Ngisi hukaa kwenye ndoana hata akidonolewa mara tatu. Kamba huvuta upesi zaidi lakini huibiwa upesi vilevile. Mshipi nauweka juu ya pingili ya kwanza ya kidole cha shahada, bila kuukaza, kisha nanyamaza. Chaa hugusa mara mbili kwa wepesi, kama mtoto anayebisha hodi, halafu huvuta. Ukimkatia, yaani ukiuvuta mshipi kwa ghafla, kwenye mguso wa kwanza umemkosa. Changu hana hodi: huondoka nao moja kwa moja.

Maji yalipokaribia ukomo wa kujaa, mnamo saa moja asubuhi, yalisimama kwa muda mfupi, safi kiasi cha kuona mawe ya chini, na katika dakika zile tulipata chaa saba. Yalipoanza kutoka yalibadilika rangi, kwa kuwa maji ya mkono wa bahari wa Tudor huteremka na tope na majani ya mikoko, na ndoana zikawa zinarudi na majani na mifuko. Tulikunja mishipi saa tatu. Mtu asiyejua angeendelea kurusha mpaka adhuhuri na kurudi nyumbani akisema bandari haina samaki.

Kabla ya kukunja, tulipata tafi wawili, na hapo ndipo mwenzetu mmoja alipoumia. Alimshika tafi kwa kiganja kitupu ili amtoe ndoana, naye tafi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni. Sumu hiyo kwa kawaida haiui, lakini maumivu yake humtoa mtu mzima machozi. Tulipanda naye hadi kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri uchochoroni, tukamwamkia na kumwomba maji ya moto. Alimimina bakulini, akatia vidole vyake mwenyewe kwanza, akasema, “Ngoja niyapime mimi, mwanangu, mkono wako sasa hauyajui moto.” Alikuwa na haki kabisa. Maji yanapaswa kuwa ya moto wa kuvumilika, yasiyounguza, maana joto huidhoofisha sumu ya miiba hiyo. Baada ya kama nusu saa mwenzetu aliweza kuufungua na kuufumba mkono. Nawasihi mchukue chupa ya maji ya moto, kitambaa kinene na koleo, na mtu akipumua kwa shida au uvimbe ukizidi apelekwe hospitali bila kungoja. Bunju naye mkimpata, mrudisheni majini; sumu yake ni ya ndani, haiondoki kwa kupika, na msimpe hata paka.

Mchana tulilala chini ya kivuli, tukala mahamri kwa mbaazi, tukarudi kwenye mawe saa tisa, maji yakiwa yamekwisha kugeuka tangu saa saba na yanapanda. Jioni hiyo ilikuwa bora kuliko asubuhi: chaa wanne, changu watatu, na kolekole mmoja aliyeukata mkono wangu kwa mshipi alipokimbilia kilindini. Wadogo wasiofikia urefu wa kiganja tuliwarudisha.

Jua lilipokuwa linazama tuliwapanga samaki mafungu manne juu ya jiwe. Mmoja wetu aliyapa mafungu mgongo, mwingine akawa anagusa fungu na kuuliza, “Hili la nani?” naye akitaja jina bila kuona. Kolekole alimwangukia yule aliyechomwa na tafi, na hakuna aliyedai kura irudiwe.