Springi kali si dawa: kwa mnaoanza kutengeneza vibanio vya soksi

Kila mwaka napokea vijana wawili watatu wa fildi kwenye karakana yangu hapa Chang'ombe, Dodoma. Wanakuja na daftari safi na vernia mpya, yaani kipimio cha unene, na wakishika kibanio kilichoteleza, wawe wametoka chuo gani, neno lao huwa lile lile: "Fundi, tuongeze springi." Siwacheki. Mimi mwenyewe nilianza hivyo, na ilinigharimu oda mbili. Naziandika zote mbili hapa ili atakayekuja mwaka huu tusianzie tena pale pale.

Oda ya kwanza ilikuwa ya bendi ya shule. Mwalimu wa bendi alikuja mwezi mmoja kabla ya mahafali, akanieleza kwamba soksi ndefu nyeupe za watoto wake zinashuka mara tu wakianza kupiga hatua, kwa sababu lastiki ya juu imelegea kwa kufuliwa. Alitaka mkanda mwembamba wa kukaa chini ya goti, uwe na kibanio kinachoning'inia na kushika ukingo wa soksi. Nikachukua mfano wa kibanio cha suspenda, mikanda ya mabegani ya kushikilia suruali: taya mbili za bati zenye meno. Nikaweka springi ya waya wa milimita 1.2, ngumu kweli kweli. Nilijijaribu kwenye kidole, alama ikakaa mpaka jioni, nikafurahi.

Siku tatu baada ya mahafali mwalimu akarudi na kiroba, akakimimina juu ya meza yangu.

"Shikamoo mwalimu. Zimeshuka?"

"Marahaba. Hazikushuka, fundi. Zimetoboka."

Nikaokota soksi moja nikaitazama dirishani, kwenye mwanga. Meno yalikuwa yamekata uzi sehemu mbili tu, lakini soksi ni kitambaa cha vitanzi, kila kitanzi kimeshikwa na mwenzake. Ukikata kimoja, kinachofuata kinakosa pa kujishika, na mstari mzima unafumuka kwenda chini. Bati lile lingeweza kukaa mwaka mzima kwenye suruali ya kaki bila kuleta neno. Kwenye soksi lilidumu saa mbili.

Jibu nililipata kwenye kopo la vifungo la shangazi yangu. Mlikuwamo vibanio viwili vya zamani vya soksi za kike, vile vya kuning'inia kwenye mkanda wa kiunoni. Havina taya wala meno. Kimoja kina sehemu mbili: kifungo kidogo cha mpira, na kitanzi cha waya chenye umbo la tundu la funguo, kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili. Unaweka soksi juu ya kifungo, unapitisha kifungo pamoja na kitambaa kwenye sehemu pana ya kitanzi, halafu unaachia. Uzito wa soksi unavuta kifungo kuelekea sehemu nyembamba, kinakwama pale. Mguu ukizidi kuvuta, kinazidi kukwama. Ukitaka kutoa, unasukuma kifungo kurudi kwenye upana, kinatoka bila ugomvi.

Kama hujaelewa, nenda soko la Sabasaba siku ya upepo. Mtazame mfanyabiashara mwenye turubai lisilo na tundu la kamba. Anaweka kokoto kwenye pembe ya turubai, anaikunja ndani, anazungushia kamba shingoni mwa kokoto. Upepo wa Dodoma mnaujua. Ukivuta turubai, kokoto inajibana kwenye kamba na kujifunga zaidi. Hakuna aliyetoboa turubai, na hakuna springi. Kazi ya kubana inafanywa na nguvu ile ile iliyokuja kung'oa.

Basi kabla hujagusa waya, chukua karatasi uchore mishale: nguo inavutwa kwenda wapi, mara ngapi, kwa nguvu kiasi gani. Kisha jiulize kama kibanio chako kinausaidia mvuto huo au kinashindana nao. Kikishindana, utaongeza springi leo, kesho utaongeza tena, na mwisho utarudishiwa kiroba.

Sasa springi inabaki na kazi gani? Ndogo, ila ya lazima. Mtoto akikaa, goti likakunjwa, mvuto unalegea kwa muda, na kifungo kinaweza kurudi kwenye upana kikachomoka. Springi nyepesi inakizuia kwenye wembamba mpaka asimame tena. Mimi nawaambia vijana springi hapa ni mlinzi wa mlango, hawaelewi mpaka wafike kwenye hesabu. Hesabu yenyewe sikuanza kuielewa darasani. Niliielewa kwa mzee mmoja anayetengeneza ilimba.

Ilimba ni ala ya Wagogo, ile ambayo marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose aliizungusha duniani. Vile vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba ni springi tupu: bapa la chuma lililoshikwa upande mmoja, upande wa pili uko huru. Mzee alikuwa anasukuma kijiti kimoja nyuma kidogo tu, labda upana wa punje ya mtama, sauti inapanda. Nikamwomba nijaribu. Nikafupisha kijiti mpaka nusu, kikalia kama kengele ya baiskeli, na kidole kikaniuma kukibonyeza. Ndivyo ilivyo: bapa la aina hiyo ukilipunguza urefu kuwa nusu, ugumu wake wa kupinda unakuwa mara nane. Ukiongeza unene mara mbili, mara nane vilevile. Kwa waya wa duara, unene una ukali zaidi, maana ugumu unafuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Ukitoka milimita 1.2 ukaenda 1.0, tofauti ambayo jicho haliioni, springi inabaki na chini ya nusu ya ugumu wake.

Ndiyo maana nasisitiza vernia. Dukani utaambiwa "waya wa moja" na ukipima unakuta 1.1. Kwa kufungia senyenge hakuna shida. Kwa springi umeshapotea, kwa sababu huo wa 1.1 ni mgumu karibu mara moja na nusu kuliko ulioukusudia.

Kuhusu waya wenyewe. Wa kufungia nondo ni laini, umeokwa makusudi ili ukunjwe kwa mkono na ubaki ulivyokunjwa. Utengeneze nao mfano wa umbo, hilo tu. Spoki ya baiskeli ni bora zaidi kwa majaribio na kila fundi baiskeli anazo zilizotupwa. Kwa kazi ya kuuza tafuta waya wa springi wa chuma cha pua, yaani stenlesi, kwa sababu kibanio hiki kinakaa kwenye ngozi inayotoa jasho, na jasho lina chumvi. Ni ghali, lakini kibanio kimoja changu kinakula sentimita 12 tu, kwa hiyo mita 100 inatoa zaidi ya vibanio 800. Piga hesabu yako hapo kabla hujalalamika bei.

Nilipokuwa bado natumia chuma cha kawaida ndipo nilipopoteza oda ya pili, na hii ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Waya ulikuwa umeshika kutu kidogo stoo. Nikaona njia ya mkato: nikachovya springi zote, zaidi ya mia moja, kwenye tindikali ya betri iliyochanganywa na maji. Zikatoka nyeupe zinang'aa. Nikazisuuza, nikazikausha, nikazipachika kwenye kadi zikiwa zimefunguliwa kidogo ili zionekane vizuri, nikafunga karakana. Nilikuwa nalala chumba cha nyuma. Usiku nikasikia "tik". Baada ya muda, "tik" nyingine. Nikadhani panya. Asubuhi springi kumi na moja zilikuwa zimekatika zenyewe kwenye kadi, hakuna aliyezigusa, na mkatiko wake ulikuwa mkavu kama wa glasi.

Ilinichukua muda kupata mtu wa kunieleza. Tindikali inapokula chuma inazaa haidrojeni, na sehemu yake inapenya ndani ya chuma chenyewe. Chuma laini kinavumilia. Chuma kigumu cha springi, kikiwa kimevutwa, kinakuwa dhaifu bila dalili yoyote nje, kisha kinakatika saa kadhaa au siku kadhaa baadaye. Viwanda vinavyopaka springi rangi ya madini kwa umeme vinalijua hilo, ndiyo maana huzioka kwenye joto la karibu digrii 200 kwa saa kadhaa mara tu zinapotoka kwenye dawa. Sisi wa karakana ndogo dawa yetu ni rahisi: kutu ya springi itolewe kwa msasa na mafuta, na tindikali ibaki kwenye betri. Zilizobaki nilizitupa zote, hata zilizoonekana nzima. Nisingeweza kulala.

Kukunja ni suala la mkono, na mkono haufundishwi kwa maandishi, ila yapo mambo matatu ambayo kila kijana anakosea. La kwanza, kona kali. Ukikunja waya mgumu kwa ncha ya plaizi mpaka kona iwe kama ya daftari, umeshaanzisha ufa. Weka pini ya duara kwenye jiliwa, yenye unene angalau sawa na waya, na ukunjie hapo. La pili, waya wa springi una ubishi: ukiuzungusha kwenye msumari wa milimita 5, ukiuachia duara linafunguka na kuwa kubwa kuliko msumari. Kwa hiyo chagua msumari mwembamba kuliko duara unalolitaka, na kipimo utakipata kwa kujaribu waya ule ule. La tatu, springi ya mzunguko ifanye kazi kwa kujikaza upande ule ule uliozungushiwa. Ukiifanyisha kazi kwa kuifungua inachoka mapema.

Ukimaliza kukunja chuma cha kawaida, kioke nusu saa kwenye joto la digrii 250 hivi. Jirani yangu wa mikate ananiazima oveni yake mchana ikiwa haina kazi. Chuma kikitoka kina rangi ya majani makavu. Hapo umekituliza, hakitabadilika umbo ukianza kukitumia. Na vaeni miwani. Kipande cha waya mgumu kikikatwa kinaruka kama risasi, na hili sitalisema mara mbili.

Vumbi letu nalo lihesabuni. Nilijaribu kibanio chenye bawaba ya pini katikati. Mwezi mmoja wa kiangazi kikawa kinasaga kama jiwe la kusagia. Tangu hapo napenda umbo la waya mmoja usio na bawaba, springi na kitanzi vikiwa kitu kimoja. Si wazo langu. Pini ambayo mama zetu wanabania khanga na nepi ni hiyo hiyo: waya mmoja, kikunjo cha duara upande mmoja ndicho springi, upande wa pili kifuniko cha ncha. Walter Hunt wa Marekani alipata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1849, akaiuza kwa dola 400, na utajiri ukaenda kwa wengine. Hata kibanio cha mbao cha kuanikia nguo, chenye springi ya waya, kilisajiliwa kule kule Marekani mara mbili, na watu wa jimbo la Vermont: David Smith mwaka 1853, na Solon Moore mwaka 1887 akaja na umbo bora la waya. Mwandishi Mark Twain naye, kwa jina lake halisi la Samuel Clemens, alisajili mwaka 1871 mkanda wa kurekebishika wa kukazia nguo, kwa sababu alizichukia suspenda.

Nawatajia hao kwa sababu moja ya kikazi. Wengi wao hawakugundua kitu kipya kabisa, walisajili maboresho. Ukiwa na umbo lako la kitanzi ambalo hujaliona popote, pita kwanza BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na hataza, uulize utaratibu, kabla hujalipeleka kwenye banda la maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni. Kitu kikishaonekana hadharani, upya wake unaweza kuhojiwa.

Majaribio yangu ni ya kishamba lakini yananitosha. Napima mvuto wa soksi kwa mizani ya kuning'iniza. Kisha naning'iniza kwenye kibanio chupa ya maji yenye uzito mara tatu ya mvuto huo, naiacha usiku kucha. Shule inafunguliwa karibu siku 200 kwa mwaka, mtoto anavaa na kuvua, kwa hiyo kibanio kinafungwa au kufunguliwa mara 400 hivi. Mimi nafungua na kufunga mara 1,000, nikisikiliza redio. Mwisho nampa mpwa wangu azunguke mara tano uwanja wa Jamhuri akikimbia, kwa sababu chupa haipigi hatua. Mkanda wenyewe niliupanua ukawa milimita 25 baada ya yeye kunionyesha mstari mwekundu chini ya goti. Mvuto ni ule ule, ila umesambaa.

Yule mwalimu alirudi mwaka uliofuata. Nilimpa jozi mbili za bure za umbo jipya, akaondoka bila kuahidi chochote. Wiki ya pili akatuma kijana kuchukua arobaini na nane, na ujumbe kwamba vifungo viwe vyeupe, vile vyeusi vinaonekana kwa mbali.

Mkija, msiniletee soksi mpya kutoka kwenye pakiti. Leteni iliyofuliwa mwaka mzima kwa sabuni ya mche, iliyolegea juu. Kibanio kinatengenezwa kwa ajili ya hiyo.