Kabla Hujagusa Foleni za Rauta: Kwa Mnaoanza Kazi ya Mtandao Kisumu

Kila muhula hunijia vijana wawili watatu kutoka vyuo vya hapa Kisumu kwa mafunzo ya kazini. Wanajua kubana kichwa cha waya, wanajua kupanda mlingoti, na wengine wanaielewa rauta kuliko nilivyoielewa mimi nilipoanza. Wasichofundishwa ni kwamba siku unapopewa nywila ya rauta kuu, umekabidhiwa uwezo wa kuamua jirani yako atafikia nini na kwa kasi gani. Mimi niliutumia vibaya uwezo huo kabla sijajua kwamba ninao.

Nilikuwa nauza intaneti ya vocha Nyalenda. Laini moja ya faiba, nyumba sitini na kitu zimeunganishwa. Mchana hakuna shida. Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku laini ilijaa pomoni, simu yangu haipumui kwa malalamiko. Nikakaa usiku mmoja, nikaandika kanuni kwenye rauta: video zote zibanwe hadi kilobiti 400 kwa sekunde, WhatsApp na M-Pesa zipite bila kizuizi. Malalamiko yakapungua siku ileile. Niliona nimefanya kazi ya fundi hodari.

Wiki ya tatu akaja dukani binti anayesomea uuguzi. Mkono mmoja simu, mkono wa pili daftari la mazoezi limekunjwa katikati. Alikuwa anafuata video ya namna ya kupima presha, na kile kiduara katikati ya kioo kinazunguka tu. Akaniambia, "Kaka, WhatsApp inaenda mbio lakini somo langu limekwama. Vocha si nimelipa kama wengine?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiamulia, bila kumuuliza mtu, kwamba video ni starehe na ujumbe ndio kazi. Hilo ndilo wanalozozania watu wanapotaja usawa wa mtandao: je, mwenye bomba achague maji ya nani yapite, au kazi yake ni kuyapitisha yote sawa? Jina hilo alilitunga profesa wa sheria wa Marekani, Tim Wu, mwaka 2003, lakini jambo lenyewe lilikuwa limesimama mbele ya kaunta yangu.

Basi mjifunze nilivyolirekebisha. Katika rauta za MikroTik kuna aina ya foleni, yaani utaratibu wa kugawa laini, iitwayo PCQ. Haiangalii unatazama nini. Inahesabu walio hewani wakati huo na kuwagawia laini sawa kwa sawa. Ukiwa na megabiti 60 na wateja 60 wote wanavuta, kila mmoja anapata moja. Wakibaki kumi, kila mmoja anapata sita. Anayetaka kuzitumia kwa mpira, kwa mahubiri au kwa somo la presha, ni juu yake. Rauta za MikroTik zenye RouterOS 7, programu endeshi yake, zina pia foleni za CAKE na fq_codel, ambazo huzuia jirani anayepakua faili kubwa asivuruge simu ya mwenzake. Ukishaziweka hizo, sababu ya kubana aina fulani ya matumizi huwa imekwisha.

Isitoshe, kuchagua kwa yaliyomo hakufanyi kazi vizuri hata kiufundi. Trafiki nyingi, yaani data inayopita mtandaoni, siku hizi imefungwa kwa usimbaji, ni mafumbo kwa aliye katikati. Unachokiona ni jina la tovuti mwanzoni mwa muunganisho, na hilo nalo linaendelea kufichwa. Video ya darasa na ya vichekesho hutoka kwenye sava zilezile. Ukibana moja umebana zote mbili.

Yapo mambo unayoruhusiwa kufanya bila kuona haya. Kuzuia kifaa kilichoambukizwa kinachomwaga taka mtandaoni, ndiyo. Kumwekea mama kichujio alichokiomba mwenyewe kwa ajili ya watoto wake, ndiyo. Swali ninalowauliza vijana wangu ni moja: mteja akijua, atakubali?

Mtaletewa pia pesa. Kuna mfanyabiashara aliyetaka tovuti yake ifunguke kwa wateja wangu bila vocha, na za washindani wake zichelewe. Nusu ya kwanza ya ombi ndiyo ngumu, kwa sababu inafanana na msaada. Facebook walileta mpango wa namna hiyo Kenya mwaka 2014 kupitia Airtel, ukiitwa Internet.org, baadaye Free Basics: tovuti chache bure, zilizobaki ulipie. India waliukataa, Februari 2016 mdhibiti wao alipiga marufuku bei tofauti kulingana na tovuti. Sisi huku tuliuacha uendelee. Simlaumu mama mboga wa Kibuye anayenunua bando la WhatsApp pekee, kwa sababu anapiga hesabu na shilingi zake ni chache. Lakini nyinyi mnaoweza kuandika programu fikirini: ukitengeneza ya kwako ya kuwaonyesha wavuvi bei ya omena, itafunguliwa kwa bando gani? Utashindana na kitu cha bure kabla hata hujapata mtumiaji wa kwanza.

Habari za Marekani zisomeni, ila msizibebe nzimanzima. Tume yao ya mawasiliano, FCC, iliweka kanuni kali mwaka 2015, ikazifuta Desemba 2017, ikazirudisha Aprili 2024, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupa. Serikali ikibadilika, kanuni zinabadilika. Fundi asiyekuwa na msimamo wake mwenyewe angekuwa ameandika rauta yake upya mara nne.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo ningependa kila mwanafunzi wa mtandao alijue kabla ya hayo ya ng'ambo. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma wa Kenya waliungana wakafungua kituo cha kubadilishana trafiki Nairobi, KIXP. Kabla yake, barua pepe kutoka kampuni moja kwenda nyingine jijini humohumo ilipanda kwenye setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi, na kila hatua ililipiwa kwa dola. KIXP ilikata safari hiyo. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba trafiki ya kimataifa, ilishtaki kwa mdhibiti wa wakati huo, CCK (leo Mamlaka ya Mawasiliano), na ndani ya wiki mbili kituo kikaamriwa kufungwa. Watu hawakukaa kimya. Walieleza, wakabishana kwa hesabu za kiufundi, wakaomba leseni, na Februari 2002 KIXP ikarudi hewani. Mpaka leo trafiki ya ndani inapita hapo.

Tazameni vizuri kisa hicho, kwa sababu watu wanapenda kuligawa suala hili mara mbili: serikali mbaya, soko zuri, au kinyume chake. Mdhibiti aliyefunga ndiye aliyekuja kutoa leseni, na aliyeomba kufungwa ni kampuni iliyokuwa inalinda mapato yake. Mimi nataka mdhibiti awepo. Bila yeye, kampuni kubwa ingenikatia laini kesho na nisingekuwa na pa kulalamika. Kanuni za mwaka 2010 za ushindani wa haki katika mawasiliano ndizo ninazoshika mkononi ninapobaguliwa. Ninachokipinga ni amri isiyoandikwa, isiyotaja kifungu, isiyo na mwisho.

Na amri zipo. Novemba 2023, wakati wa mtihani wa KCSE, Telegram ilikwama nchini. Novemba 2024 ikakwama tena, safari hii Mamlaka ya Mawasiliano ikiwa imeziandikia kampuni, sababu ikiwa wizi wa mitihani. Wizi huo ni kweli na unaumiza watoto waliosoma kwa haki. Lakini dawa ilimwangukia kila mtu: vikundi vya kanisa, wanafunzi wa chuo waliokuwa wanatumiana maandishi, vijana wenye wateja wao humo. Vijana wa mtaani kwangu walijifunza VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, wiki hiyohiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kuzuia uzimaji wa intaneti, baada ya mashirika ya kiraia kwenda kortini. Oktoba 2025 sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 ikafanyiwa marekebisho, kamati ya serikali ikapewa nguvu ya kuagiza tovuti zifungwe, na siku chache baadaye korti ikasimamisha baadhi ya vifungu vya marekebisho hayo. Kwa hiyo katika maisha yenu ya kazi barua itakuja. Ikija, isome. Imetoka kwa nani? Inataja kifungu gani? Inaanza lini, inaisha lini? Kama ni simu tu ya mtu anayejiita afisa, mwombe aandike. Ukizuia kitu, waambie wateja kwamba umezuia na kwa agizo la nani. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda haki ya kutafuta na kupokea habari, na cha 24 kinadai kila kizuizi kiwe kwenye sheria na kiwe na kiasi.

Nawasihi pia mtofautishe mnachokiona na mnachokidhania. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilianguka nchi nzima. Jana yake Mamlaka ilikuwa imetangaza kwamba haina nia ya kuizima. Kampuni kubwa zikasema nyaya za baharini zina hitilafu. Wateja wa Kondele walinipigia mfululizo: wameizima? Nilikuwa na hasira kama wao, lakini niliwaambia nilichokiona: laini yangu hadi Nairobi iko sawa, zaidi ya hapo njia imejaa, nimeanza kuona tatizo hili saa hii na dakika hii. Niliandika kila kipimo kwenye daftari. Mtu akiniuliza leo, ninalo.

Daftari hilo liko mezani kando ya rauta, na ukija kwangu utalikuta. Siku yako ya kwanza sitakupa nywila. Nitakupa vocha ya shilingi ishirini na simu ya bei ya chini, uende Nyalenda saa mbili usiku, ukae kwenye benchi la kinyozi, ujaribu kutazama somo zima. Uandike saa, uandike kila liliposimama. Kesho yake asubuhi tutafungua rauta pamoja.