Mtepe Katika Katalogi

SWALI: Mhariri, ninahudumu katika maktaba ndogo hapa Mombasa. Tumepata kitabu kuhusu mtepe, chombo cha kale cha pwani kilichoshonwa kwa kamba, nami ninalazimika kukiweka chini ya mashua tu, jambo linaloniudhi. Je, ninaweza kupendekeza kichwa kipya cha mada, yaani neno rasmi la kupangia vitabu kwa mada, katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo ndiyo tunayoifuata? – Mkutubi, Mji wa Kale

JIBU: Unaweza, ndugu mkutubi, kupitia mpango wao wa ushirikiano uitwao SACO. Hata hivyo, kichwa hakikubaliwi kwa kuwa jambo ni tukufu kwetu watu wa pwani, bali kwa kuwa ipo kazi mkononi, yaani kitabu au andiko, inayokihitaji; na kwa kawaida mada hupewa kichwa ikiwa imechukua angalau asilimia 20 ya kazi hiyo. Kurasa chache ndani ya kitabu kinene kuhusu Bandari ya Kale hazitoshi.

Pekua orodha kwanza, maana huenda neno lako tayari ni rejeo la kichwa kingine, yaani jina linalomwelekeza msomaji kwenye kichwa hicho. Hakikisha pia kwamba kitabu kinahusu mitepe kwa jumla, kwani chombo kimoja chenye jina lake huingia katika faili ya majina, si ya mada.

Rekodi ya pendekezo hufuata MARC, muundo wa kuandikia taarifa za katalogi katika uga, yaani sehemu zenye nambari. Uga 150 hubeba kichwa, 450 majina mengine ambayo msomaji angeyatafuta, na 550 kichwa kipana zaidi, ambacho sharti kiwe kimekwisha kuidhinishwa au kipendekezwe pamoja nacho. Uga 670 ndio wengi huuharibu kwa kutaja jina la kitabu wakaishia hapo. Andika ulichokikuta ndani: kwamba mbao zilishonwa kwa kamba za usumba badala ya kupigiliwa misumari, na kwamba tanga lilikuwa la mkeka, lenye umbo la mraba. Ukipekua kamusi na ensaiklopidia usilipate neno, taja hilo katika uga 675, kwa kuwa kukosa nako ni ushahidi.

Orodha hiyo ni ya Kiingereza, ingawa hupokea neno la kigeni pale Kiingereza kinapokosa lake. Basi usishangae mtepe wako ukirudi umetiwa wingi wa Kiingereza.

Mapendekezo hutangazwa kwanza katika orodha ya muda ili yatolewe maoni, ndipo yaamuliwe. Huku ukisubiri, andika «Mitepe» katika uga 690 wa katalogi yenu, uliotengwa kwa mada za kienyeji, na wasomaji wako wataweza kukipata kitabu hicho kwa jina wanalolijua.