"Pick up" haiokoti tu

Jambo yenu, walimu. Ninatumika na mawakala wa forodha kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mteja wangu Mzambia ameniandikia: "I'll pick up the papers at ten. If I don't pick up, text me. Business is picking up." Kamusi yangu inasema "pick up" ni kuokota. Sasa huyu anaokota nini mara tatu?
Msomaji wa Kampemba, Lubumbashi

Haokoti kitu. Anasema atakuja kuchukua karatasi saa nne, asipopokea simu umwandikie ujumbe, na biashara imeanza kuchangamka. Kamusi haikudanganya, ila imekupa maana moja tu, ile ya kitu kilicho chini.

Hiyo "up" usiione kama pambo. Ni mkia wa kitenzi, na sisi wa Kiswahili tunajua mkia unaweza kufanya nini: funga na fungua zina mzizi mmoja, lakini ukikosea mwisho mlango unabaki wazi usiku kucha. Kwa hiyo soma "pick up" kama neno moja, kisha uangalie kinachofuata. Likifuatwa na mtu au mzigo, ni kumpitia au kuuchukua. Ikiwa ni ugonjwa, ni kuupata: "He picked up malaria in Kitwe." Ikiwa ni lugha, ni kuidaka kwa kusikiliza watu, bila darasa, aliyesoma Kiingereza miaka sita shuleni hasemi "I picked it up", atakuwa anawapunja walimu wake. Ikiwa ni bili ya mezani, ni kuilipa, kwa hiyo mteja akikwambia "I'll pick up the bill", kula bukari yako kwa amani. Redio nayo "picks up" stesheni inapoinasa.

Pasipofuata kitu, rudi kwa mtenda. Mtu anayepigiwa simu anapokea. Upepo unazidi nguvu. Soko, mauzo au biashara vinapanda baada ya kulala.

Kwa kazi yako kuna jambo la sikio pia. Kwenye simu, "pick it up" na "picked up" zinakaribiana sana, kwa sababu Mwingereza haachi nafasi kati ya maneno. Ya kwanza ni kama "pi-ki-tap", silabi tatu, nayo ni agizo: kachukue. Ya pili ni "pik-tap", mbili tu, nayo ni habari: mzigo umekwisha kuchukuliwa. Ukizichanganya unatuma lori kwenye ghala tupu. Ukiwa na shaka, uliza "Is it still there?" kabla dereva hajawasha injini.

Nilimwandikia mgeni wetu wa Ndola "Please pick up me at the market." Alinielewa, lakini alinirekebisha: "pick me up". Mbona kitabu changu kina "pick up the child"? Kwa nini mtoto akae nyuma, mimi nikae katikati?
Mama wa duka, komuni ya Kenya, Lubumbashi

Mama, ni kwa sababu wewe hapo ni kiwakilishi. Maneno mafupi ya "me, you, him, her, it, us, them" lazima yaingie kati ya kitenzi na mkia wake. Kiswahili kinafanya karibu vilevile: unasema "unichukue", na hiyo -ni- umeibana ndani ya kitenzi. Kiingereza nacho kinabana, ila chenyewe kinabana kabla ya mkia.

Nomino ina uhuru zaidi. "Pick up the child" na "pick the child up" zote ni sawa. Lakini nomino ikiwa ndefu, iache nyuma: "Pick up the two bags of charcoal near the door." Ukiipeleka "up" mwisho kabisa wa sentensi hiyo, msikilizaji anafika kwenye mlango akiwa bado anangoja mkia. Na katika "pick up speed", kuongeza mwendo, usitenganishe chochote.

Shemeji yangu aliyesomea Kampala anasema "pick me at five" na "he is not picking my calls". Mwalimu wangu anakata kwa wino mwekundu. Nani ana haki?
Mwanafunzi, Kamalondo

Kampala na Nairobi utaeleweka bila shida, ndivyo watu wengi wanavyosema huko. Kwenye mtihani mpe mwalimu "up" yake. "Pick" peke yake, kwa Kiingereza cha vitabuni, ni kuchagua au kuchuma. "Pick the mangoes" unapanda mti. "Pick up the mangoes" unainama chini yake. Na "pick me" ni kilio cha mtoto anayetaka achaguliwe kwenye timu.

Mimi ni dereva wa teksi. Nilimwambia Mwingereza mmoja "Last night I picked up a woman near the station," akacheka mpaka akakohoa. Kosa liko wapi?
Dereva, Katuba

Sarufi ni safi kabisa, kaka. Ila "pick up" ikifuatwa na mwanamke au mwanamume usiyemjua, hasa usiku, inaweza kumaanisha umemtongoza na mkaondoka pamoja. Sema "I picked up a passenger", au "I picked up a customer". Kama ulimsaidia bila kumtoza makuta, sema "I gave her a lift."