Jibu: Mawifi wananicheka kwa kushona nguo, nifanyeje maneno yao yanipe nguvu?

Pole dada. Kucheka huko kunauma, hasa kunapotoka ndani ya nyumba. Mkumbuke Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira wa Kenya. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 kujengwa Uhuru Park, Nairobi, wabunge walimkejeli bungeni, wakalidharau kundi lake la kupanda miti kuwa ni la wanawake walioachika. Hakukesha akijibizana nao. Aliandika barua serikalini na kwa balozi za nje, wawekezaji wakajitoa, na jengo halikujengwa. Mwaka 2004 akapewa Nobel ya Amani.

Kwa hiyo yachambue maneno. Wifi anayesema "huwezi" hajakupa cha kufanyia kazi, mwache. Ila mteja aliyelalamika kwamba gauni linabana kwapani na pindo limepanda upande mmoja, huyo msikilize hata kama kasema kwa ukali. Fumua, mpime upya, mrudishie bila kinyongo na usimtoze. Hasira itakuamsha alfajiri, sawa, lakini haikufundishi kukata kitambaa. Tafuta fundi mkongwe hapo mtaani, mwonyeshe hilo kwapa kabla hujalishona tena.