Kwa Wanaoingia Chuo Kisumu: Anza na Bahasha ya Kaki

Agosti ikikaribia, simu yangu hujaa maswali ya wadogo zangu, watoto wa majirani na wa kanisani, walioitwa vyuo vikuu vya Kisumu na viunga vyake. Karibu wote huuliza mambo mawili: chumba ni pesa ngapi, na je, joto ni kali kama watu wanavyosema? Chumba kinategemea mtaa, na joto lipo, jiandae. Kuhusu pombe na mapenzi, wazazi wamekwisha kuwahubiria vya kutosha, kwa hiyo hayo nayaacha. Mimi nitaanza na jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: karatasi.

Shule ya upili uliitwa jina asubuhi na jioni, mwalimu akakusajili kwa mtihani wa KCSE, na ukikosa prepu mwalimu wa zamu alikusaka hadi bwenini. Chuoni hakuna wa kukusaka. Masomo ya muhula unayasajili mwenyewe kwenye mfumo wa chuo mtandaoni. Usipoyasajili kabla ya siku ya mwisho, unaweza kukaa darasani wiki zote na bado jina lako lisiwemo kwenye orodha ya watahiniwa. Ukimaliza kusajili, chapisha ile fomu na uiweke mahali.

Katika vyuo vingi vya umma, alama 30 hutokana na majaribio na kazi za muhula, na 70 hutoka kwenye mtihani wa mwisho. Kufaulu ni 40. Sasa, zile 30 ndizo hupenda kupotea. Darasa la mwaka wa kwanza linaweza kuwa na mamia ya wanafunzi, hasa masomo ya lazima yanayochanganya vitivo. Mhadhiri wa mkataba anafundisha vyuo viwili vitatu, anasahihisha akiwa ndani ya matatu, halafu alama zinaingizwa kwenye mfumo na mtu mwingine kabisa. Karatasi moja ikiteleza, hakuna atakayekupigia simu. Kwenye matokeo utaona kistari tu mahali ambapo alama ingekuwa.

Niliishi na binti mmoja ambaye tulimwita karani. Kila jaribio lililorudishwa, kila kadi ya mtihani, kila risiti ya karo aliitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika muhula juu yake kwa kalamu nzito, akaisukuma chini ya godoro. Tukiwa mwaka wa nne orodha ya wanaofuzu ilipobandikwa, jina lake halikuwemo. Kisa? Kistari cha somo la mwaka wa kwanza, na mhadhiri mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka chuoni. Akainua godoro. Jaribio lenyewe lilikuwepo, wino mwekundu, 21 kwa 30, pamoja na kadi ya mtihani yenye sahihi ya msimamizi. Alizunguka ofisi siku kadhaa, lakini alivaa joho na sisi. Mvulana wa darasa lile lile aliyekuwa na kistari hicho hicho hakuwa na karatasi yoyote. Alirudia somo na watoto wa mwaka wa kwanza, akafuzu mwaka uliofuata.

Kwa hiyo nunua bahasha. Usitoke chumba cha mtihani kabla hujaweka sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, hata kama msimamizi ana haraka. Na matokeo ya kila muhula yakitoka, yasome somo kwa somo. Ukiona kistari, nenda ofisi ya idara wiki hiyo hiyo, mhadhiri akiwa bado anakumbuka sura yako.

Pesa sasa. Mkopo wa Helb, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi, una sehemu mbili: ya karo huenda chuoni moja kwa moja, ya kujikimu huingia kwenye akaunti yako. Hiyo ya kujikimu huja kwa mkupuo na haina tarehe. Muhula unaweza kufika katikati kabla simu haijalia. Siku ikiingia utajua hata kama hukuomba mkopo, maana foleni ya ATM itakwambia, na jioni nyama choma itanuka mtaa mzima. Baada ya wiki chache wale wale waliokuwa wakichoma wanaishi kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Pesa ikiingia, lipa kwanza kodi ya muhula wote, jaza gesi, nunua unga, mchele na maharagwe, ndipo uangalie viatu. Kamari ya simu usiiguse kabisa. Nimeona karo ikiyeyuka usiku mmoja na mwenyewe akabaki akitazama ukuta.

Kumbuka pia kwamba ni deni. Riba yake ni asilimia 4 kwa mwaka, unatarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayekaidi hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Tena hakuna wa kukukumbusha kuomba: kila mwaka wa masomo unatuma maombi upya, na wengi husahau wakifika mwaka wa pili.

Kwa chakula, Kisumu inamhurumia mwenye mfuko mwepesi. Uliza mgongo wazi. Ni mifupa ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, iliyobaki baada ya viwanda kutoa minofu, hukaangwa ikawa mikavu, na mtaa wa Obunga ndiko nyumbani kwake. Ukiichemsha na nyanya na kitunguu unapata mchuzi wa kula ugali watu wawili. Omena, yaani dagaa, nunua kwa gorogoro, lile kopo la kupimia sokoni, uioshe kwa maji moto, uikaange mpaka ilie kwenye sufuria. Sufuria zenyewe, ndoo na pazia, subiri Jumapili uende soko la Kibuye; usinunue madukani siku ya kwanza ukiwa na mzazi anayeogopa kukuacha bila kitu.

Anayetoka Nyandarua, Limuru au Kericho asome hapa mara mbili. Malaria ya kando ya ziwa si ya kufanyia mzaha, na mwili uliokulia kwenye baridi hauijui. Watu wa hapa huugua siku mbili wakainuka; wewe unaweza kulazwa. Beba neti na uilalie kila usiku, hata usiku wa joto unapotamani kuitupa. Ukihisi baridi mchana wa jua, viungo vikauma, nenda ukapimwe damu siku hiyo. Usimeze dawa ya mwenzako iliyobaki.

Upweke utakuja, mara nyingi wiki ya tatu, vurugu za kusajiliwa zikiisha. Hupita. Jifunze kusalimia kwa Kijaluo, mama wa kibanda atakuongezea supu bila kuombwa.

Kuna watakaogundua kwamba kozi waliyopangiwa siyo. Usiache kuingia darasani ukingoje muujiza. Kama tatizo ni karo au ugonjwa, kuna kuahirisha masomo kwa barua, na nafasi yako inabaki. Ukitoweka tu, unahesabiwa mtoro na kurudi kunakuwa vita. Kama tatizo ni kozi yenyewe, nafasi ya kuhamia nyingine hufunguliwa wiki za mwanzo na hufungwa haraka, na utaulizwa alama zako za KCSE katika masomo yanayohitajika. Beba nakala ya hati ya matokeo, nenda ofisi ya msajili mapema asubuhi kabla foleni haijafika ngazini, na usingoje jaribio la kwanza likuamulie.