Wananunua ripoti mwezi mmoja, kisha kimya

SWALI: Assalaam alaykum, shangazi. Mimi na mwenzangu wa Mwanakwerekwe, Zanzibar, tunauza taarifa za soko kwa ada ya mwezi: bei za nguo, rangi zinazotakiwa, matamasha yajayo. Wenye maduka na waandaaji wa muziki wanalipa mara moja, mwezi wa pili hawapokei simu. Tena ripoti ya mmoja inazungushwa WhatsApp. Tupunguze bei?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Bei msiiguse. Nimeuza madira na mabuibui Mchangani miaka 19, na kurasa zenu nisingezisoma. Mwenye duka anataka kujua aagize nini, na lini.

Mwaka mmoja niliagiza Dubai kwa kufuata tarehe za mwaka uliopita. Nilisahau kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mzigo ulishuka bandarini Malindi Idi imeshapita, nikakaa na marobota matatu dukani hadi Idi Kubwa, na deni juu. Angenipigia mtu siku ile ya kuagiza akaniambia "bi mkubwa, hesabu yako imechelewa", ningemlipa ada ya mwaka mzima, wallahi.

Kwa hiyo mjue kila mteja anaagiza mwezi gani, mumfikie kabla ya hapo. Na msiige kalenda ya watu. WGSN, iliyoanza London mwaka 1998, inauza utabiri wa mitindo kwa misimu ya huko, ya joto na baridi. Misimu yetu ni Idi mbili, harusi za Shaabani, kabla ya Ramadhani, na za Mfungo Mosi, mwezi unaoifuata.

Waandaaji wa muziki ni hivyo hivyo. Sauti za Busara, tamasha letu la muziki, hufanyika Februari, na Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa hiyo huenda vikagongana. Mwenye kukodi spika, mshona sare za taarabu, mwenye ukumbi, wote hao wanahitaji kuambiwa sasa, si Januari.

Hilo la WhatsApp lisikunyimeni usingizi. Ukurasa wa jumla waacheni wauzungushe. Kinacholipiwa kiwe jibu la duka lake: stoku yake, tarehe yake ya kuagiza, rangi zilizomlalia. Jirani akilipata halimsaidii.

Anzeni na maduka matatu tu. Nendeni asubuhi kabla wateja hawajajaa, muombe daftari la mauzo ya Idi iliyopita, mkae nalo hapo hapo.